Bendera ya P&O: rangi nne zilitoka wapi, na inashonwaje?

Foromali77

Wakuu, salaam. Kuna maonyesho ya historia ya bandari yanaandaliwa Mombasa, na inatakiwa nakala ya bendera ya kampuni ya meli ya P&O, sentimita 90 kwa 135. Iwe ya kushonwa, isiwe ya kuchapishwa. Nina maswali matatu.

La kwanza ni rangi. Bluu, nyeupe, nyekundu na njano zilitoka wapi? Nimeambiwa ni pande nne za dunia, nimeambiwa pia ni falme za Ulaya.

La pili, kuna picha ya meli Uganda ikiwa Kilindini miaka ya 1950. Chini imeandikwa "meli ya P&O", lakini bendera iliyo mlingotini ni nyeupe, ina msalaba wa mshazari wa rangi nzito na mkia uliochanuka. Haifanani kabisa na ile ya pembetatu nne. Nani kakosea?

La tatu, upande gani unakaa juu? Mtandaoni nimeikuta imegeuzwa kila namna.

Shetri

Mkuu, pande za dunia ziweke kando. Ni falme mbili: bluu na nyeupe ni Ureno, nyekundu na njano ni Hispania.

Brodie McGhie Willcox na Arthur Anderson walianza ushirika wa uwakala wa meli London mwaka 1822, na biashara yao ilielekea zaidi rasi ya Iberia. Miaka ya 1830 nchi zote mbili za rasi hiyo zilikuwa vitani kugombea kiti cha enzi, na kisa kilikuwa kama kimoja: malkia mtoto anapingwa na ami yake. Ureno alikuwa Maria II dhidi ya Miguel, Hispania Isabella II dhidi ya Carlos. Willcox na Anderson wakawashika mkono malkia wote wawili, wakawapelekea meli na vifaa vya vita. Karata zote mbili zikashinda, na milango ya bandari za huko ikawa wazi kwao.

Tarehe 22 Agosti 1837 walitia saini mkataba na serikali ya Uingereza wa kupeleka barua Vigo, Porto, Lisbon, Cadiz na Gibraltar. Hiyo ndiyo "Peninsular" ya kwenye jina: ni rasi hiyo. "Oriental" iliongezwa mwaka 1840 walipopata kazi ya kupeleka barua hadi Alexandria, na hati ya kifalme ikatolewa 31 Desemba mwaka huo huo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wakiitazama bendera ya Ureno ya leo wanaona kijani na nyekundu, wanahitimisha kwamba hadithi ya Ureno ni ya kubuni. Kijani na nyekundu zilikuja mwaka 1911, baada ya ufalme kuanguka Oktoba 1910. Kabla ya hapo, tangu 1830, bendera yao ilikuwa bluu upande wa mlingoti na nyeupe upande wa pili. Kwa hiyo P&O wamebaki wakipeperusha rangi za dola ambayo yenyewe ilishaziacha. Na sisi tunaoliita hilo pambo "bendera" tunatumia neno la Wareno hao hao, bandeira.

Swali la tatu ni jepesi. Mabaharia wa kampuni hiyo walikuwa na kibwagizo cha kukumbushana, ambacho kwa lugha yetu kinakaa hivi:

Bluu mlingotini, nyekundu upeponi,
njano sitahani, nyeupe mbinguni.

Upeponi ni ule upande ulio mbali na mlingoti. Ukiona njano iko juu ya nyeupe, imepandishwa kichwa chini. Ukiona bluu iko kulia kwako, usiseme haraka kwamba ni kosa: tazama mlingoti uko wapi. Kama mlingoti nao uko kulia, unaitazama bendera kwa nyuma, na iko sawasawa. Nusu ya picha "zilizogeuzwa" mtandaoni ni za namna hiyo.

PichaZaGati

La pili niachieni mimi. Picha iko sahihi. Maelezo ya chini ndiyo yana kasoro, na kasoro yenyewe ni nusu.

Uganda (1952) na dada yake Kenya (1951) zilijengwa Glasgow na Barclay Curle kwa ajili ya British India Steam Navigation, ambayo wengi waliiita BI. Bendera ya BI ni hiyo uliyoiona: nyeupe, msalaba mwekundu wa mshazari, mkia uliopasuliwa kama wa mbayuwayu. BI na P&O ziliungana mwaka 1914 chini ya Lord Inchcape, kwa hiyo mwenye mali ni P&O kweli. Lakini baada ya muungano BI iliendelea na jina lake, mabaharia wake, rangi za dohani (bomba la moshi la meli) na bendera yake, hadi kundi lilipopangwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maelezo ya haki yangesomeka "meli ya BI, ya kundi la P&O".

Hilo ni la maana kwa maonyesho yenu. Meli iliyofungamana na pwani hii ni ya BI kuliko P&O yenyewe. William Mackinnon aliianzisha mwaka 1856 kwa jina la Calcutta and Burmah, ikawa British India mwaka 1862, na mwaka 1872 ikaanza kuleta barua kutoka Aden hadi Unguja kwa mkataba. Mackinnon huyo huyo ndiye baadaye aliyeongoza Imperial British East Africa Company, iliyopata hati mwaka 1888. Kampala (1947) na Karanja (1948), zilizokuwa zikipita Mombasa katika safari za Bombay na Durban, ni za BI. Mkipandisha bendera ya P&O peke yake juu ya picha hizo, mzee yeyote aliyefanya kazi gatini atawauliza imetoka wapi. Shoneni zote mbili.

Kwa kawaida neno "meli" lenyewe hutajwa kuwa ni mail ya Kiingereza, yaani barua: chombo kilichosubiriwa kwa ajili ya posta kikapewa jina la mzigo wake.

Angalizo la kusoma bendera katika picha za zamani. Vioo vya kupigia picha na filamu za kabla ya filamu za kisasa kuenea havikuiona nyekundu, na bluu viliiona kupita kiasi. Matokeo yake bluu hutoka nyeupe-nyeupe, nyekundu na njano hutoka nyeusi au kijivu kizito. Bendera ya P&O katika picha ya 1890 huonekana kama ina rangi mbili tu, nusu nyeupe na nusu nyeusi, imekatwa kwa mshazari. Wengi wameiandika kuwa ni ya kampuni nyingine kwa sababu hiyo. Picha yako ya miaka ya 1950 haina shida hiyo, ndiyo maana msalaba wa BI umetoka kijivu badala ya weusi wa makaa.

Bendera isiposomeka, soma dohani. BI ni nyeusi yenye mikanda miwili myeupe iliyokaribiana. P&O zilikuwa nyeusi tupu kwa miaka mingi, mpaka Strathnaver ya mwaka 1931 ilipokuja na mwili mweupe na dohani za manjano iliyofifia. Union-Castle, ambayo nayo ilikuwa ikija huku, ni mwili wa zambarau hafifu na dohani nyekundu yenye kilele cheusi. Dohani haipepei wala haikunjamani, ndiyo sababu naiamini zaidi.

Mshono_Bapa

Tuje kwenye mkasi. Inaonekana rahisi kwa sababu ni pembetatu nne tu, lakini ni miongoni mwa bendera zinazowaumbua mafundi, kwani mishono yote inapita mshazari na yote inakutana katika nukta moja. Kosa la milimita tano katikati linaonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Vipimo vya 90 kwa 135. Kila mstari wa kona hadi kona ni sentimita 162.2, na inakutana 67.5 kutoka mlingotini na 45 kutoka juu. Pembetatu za bluu na nyekundu zina kitako cha 90 na kimo cha 67.5. Nyeupe na njano zina kitako cha 135 na kimo cha 45. Usikate kwa hesabu ya kichwani. Chora bendera nzima kwenye karatasi kwa ukubwa wake, piga mistari miwili, kata karatasi, halafu ongeza posho (kitambaa cha ziada cha kuingia kwenye mshono na pindo): sentimita 1.5 kila mshono wa mshazari, 2.5 juu na chini, 4 upande wa upeponi, 5 upande wa mlingoti.

Kwa kitambaa cha upana wa 150 nunua sentimita 60 za nyeupe, 60 za njano, 85 za bluu, 85 za nyekundu. Kikiwa cha pamba kifue kwanza, kwa sababu pamba hurudi, na rangi nne kutoka majora manne hazirudi sawa. Nyekundu ijaribiwe: lowesha kipande, kibane na bafta nyeupe, pitisha pasi ya moto. Bafta ikishika rangi, fua tena kwa maji ya chumvi na siki au tafuta jora jingine. Kwa bendera hii nyekundu inapakana na nyeupe mshono mzima, ikichuja huna pa kuficha.

Nyuzi za kitambaa zilale sambamba na kingo za nje: kitako cha 90 cha bluu na nyekundu, kitako cha 135 cha nyeupe na njano. Hapo kingo za nje hazitavutika. Lakini basi mishazari yote itavutika, hilo halikwepeki. Dawa yake ni kushonea utepe mwembamba wa pamba, sentimita 1, kwenye mshazari wa kipande kimoja kati ya viwili vinavyounganishwa, kabla ya kuviunganisha. Asiyeweka utepe huona mshono umefanya mawimbi kama ukingo wa chapati, na pasi haiuondoi.

Sasa mpangilio. Unganisha bluu na nyeupe: mshono wa sentimita 81 kutoka katikati hadi kona ya juu ya mlingoti. Unganisha nyekundu na njano: mwingine wa 81, kutoka katikati hadi kona ya chini ya upeponi. Sasa una nusu mbili, na ukitazama vizuri, nusu moja ni Ureno na nyingine ni Hispania. Zilaze uso kwa uso, bana katikati kwanza kwa pini mbili, ndipo ushone ule mshono mrefu wa 162 ukianzia katikati kwenda kona moja, kisha urudi katikati uende kona ya pili. Anayeanzia kona akaenda moja kwa moja hadi kona ya pili hufika katikati kitambaa kimeshasogea.

Kabla ya kubana, piga pasi ile mishono miwili mifupi posho zake zielekee pande zinazopingana. Mmoja uende kwenye bluu, mwingine uende kwenye nyekundu. Zikikutana zitaingiana kama meno na hutapata uvimbe. Zikielekea upande mmoja, sindano itavunjikia hapo.

Mshono uwe wa bapa: kata posho moja ibaki nusu sentimita, kunja nyingine juu yake, shona mara ya pili, pande zote mbili ziwe safi. Bendera hutazamwa mbele na nyuma. Sindano namba 90, hatua ya milimita 3, uzi wa poliesta kama itapepea nje.

Fanya zoezi kwanza na mrekani, nusu ya ukubwa. Utapoteza saa mbili, utaokoa majora manne.

Foromali77

Shukrani sana, wakuu. Tutashona zote mbili, ya P&O na ya BI. Mawili yameongezeka. Kuna muuzaji anatutaka tununue bendera ya P&O anayodai ni ya miaka ya 1920. Tutajuaje? Na kama itatundikwa kwenye mfano wa meli, inakaa mlingoti upi?

Henza_na_Kapi

Anza na nyuzi. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa kutoka ndani ya pindo, ambako haitaonekana, uwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Pamba huwaka kama karatasi. Bendera ya meli ya miaka ya 1920 inatarajiwa kuwa ya sufu. Ikiyeyuka, biashara imeishia hapo.

Usiishie kwenye kitambaa, jaribu na uzi wa kushonea. Sufu ya kweli iliyoshonwa kwa poliesta ama imetengenezwa baadaye, ama imekarabatiwa. Mwanga wa urujuani husaidia kiasi: uzi mweupe uking'aa bluu kali, una kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita vya Pili. Ila bendera ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo itang'aa, basi tazama kama inang'aa uzi peke yake au yote.

Tatu, kipimo. Sufu ya bendera ya Kiingereza ilifumwa zamani kwa vipande vyembamba vya inchi 9, na ukubwa wa bendera ukatajwa kwa idadi ya vipande: vipande 4 ni inchi 36, takriban hizo 90 zako. Baadaye ikafumwa pana zaidi. Upande wa mlingoti tafuta ukanda wa turubai wenye mhuri wa ukubwa au wa mtengenezaji, na kamba inayopita ndani yake, juu ikiwa na kijiti cha mbao na chini kitanzi. Kijiti hicho ndicho kinachokuambia juu ni wapi hata rangi zikiwa zimefifia zote, na ndicho kinachoingizwa kwenye kitanzi cha henza (kamba ya kupandishia bendera). Vibanio vya shaba vya Inglefield, vya kuunganishia bendera na henza, ni vya mwaka 1890 na kuendelea, vilianzia jeshi la majini.

Nne, na hii P&O ndiyo inayofundisha vizuri kuliko bendera nyingine. Upande wa upeponi huchanika kwanza, na melini bendera haikutupwa: ilikatwa ncha, ikakunjwa pindo jipya, ikapandishwa tena. Kwenye bendera ya milia huwezi kugundua. Kwenye hii, mishazari miwili ya upande wa nyekundu inapaswa kutua kwenye kona zenyewe. Ikitua ukingo wa juu na wa chini kabla ya kufika kona kuna posho iliyoachwa. Ikikatishwa na pindo la upeponi, nyekundu ikiwa imebaki kama pembetatu iliyokatwa kitako, hiyo imefanya kazi. Kwangu mimi iliyokatwa ina thamani zaidi ya iliyo kamili. Bendera nzima isiyo na doa wala pindo la pili, inayouzwa kuwa ilipepea miaka mitatu baharini, iulizwe maswali.

Ukiinunua, usiiloweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo. Klorini huila sufu mpaka ikaisha. Ifunge kwenye mfuko, iweke kwenye friza wiki mbili kuua nondo, kisha ilale bapa.

Mlingoti sasa. Meli ya milingoti miwili: bendera ya taifa la meli iko kwenye mti wa tezi (nyuma ya meli), bendera ya kampuni kileleni mwa mlingoti mkuu, yaani wa nyuma, na bendera ya nchi inayotembelewa kwenye mlingoti wa mbele. Meli ya leo yenye mlingoti mmoja huweka ya nchi mwenyeji kwenye foromali (mti unaokingama mlingotini) ya kulia na ya kampuni kushoto, ukiwa umeelekea omo (mbele ya meli). Mfano wa Uganda uwe na ya BI, tafadhali.

Shetri

Nyongeza mbili, nimalize.

Mkiionyesha hiyo bendera mtaulizwa ilikuwa ya kazi gani zaidi ya urembo. Ilikuwa taarifa. Kabla ya redio, mlima wa Bidston karibu na Liverpool ulikuwa na safu ya milingoti zaidi ya 100. Walinzi wakiona meli mbali baharini walipandisha bendera ya mwenye meli, na mfanyabiashara aliyekuwa ng'ambo ya mto akajua mzigo wake umefika, akatafuta wapagazi. Ndiyo maana bendera ya kampuni ilikuwa mali ya kuuzika: kampuni ya meli ya White Star ilipofilisika, Thomas Henry Ismay alinunua jina, bendera na wateja wake mwaka 1868 kwa pauni 1,000, bila meli hata moja.

La pili ni la ruhusa. Bendera ya P&O bado ina wenyewe, na si mmoja. Meli za utalii zenye jina hilo ziko chini ya kampuni ya Carnival tangu 2003. Kampuni mama ilinunuliwa na DP World ya Dubai mwaka 2006, pamoja na vivuko na kumbukumbu zake za kihistoria. Ni DP World hiyo hiyo iliyotia saini Oktoba 2023 kuendesha gati namba 4 hadi 7 za Dar es Salaam kwa miaka 30. Nakala moja ya maonyesho haimsumbui mtu, lakini mkitaka kuichapisha kwenye fulana na vikombe vya kuuza mlangoni, waandikieni kwanza.

Mshono_Bapa

Na ya BI, Foromali: msalaba usibandikwe juu ya nyeupe, uingizwe kati ya vipande vyeupe kwa mshono bapa, la sivyo itakuwa nzito na haitapepea. Ule mpasuko wa mkia ukate mwisho kabisa, baada ya kila kitu, na kwenye kona ya ndani shonea kiraka kidogo cha pembetatu nyuma. Mpasuko huanza kuraruka pale pale.